Rudolf Diesel: mtu aliyeacha jina lake kwenye dumu la mafuta

Wakulima wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino hulitaja jina lake karibu kila siku. Hulitaja wanapomtuma kijana sheli na dumu la lita 20, wanapouliza bei ya kulimiwa ekari moja kwa trekta, na wanaposubiri zamu kwenye mashine ya kusaga. Dizeli. Wengi hudhani ni jina la mafuta tu, kama ilivyo petroli. Kumbe ni jina la mtu: Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1858 na kufa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55.

Kuna sababu ya kumkumbuka leo. Injini aliyoibuni bado inavuta matrekta, malori na meli duniani kote, lakini watengenezaji wa magari ya kifahari wanaiacha mmoja baada ya mwingine. Mashangingi yanayopishana kati ya Mtumba na mjini Dodoma kwa muda mrefu yamejulikana kwa dizeli. Barani Ulaya, mtu anayetaka gari jipya la namna hiyo lenye injini ya dizeli huona chaguo likipungua kila mwaka, na mafundi wanalalamika kwamba injini hizo mpya zinasumbua kuliko zile za zamani. Ukiyafuata maisha ya Diesel, utaona kwamba suala la injini kusumbua lilimwandama tangu mwanzo, na ndilo lililomletea machungu makubwa.

Mtoto wa fundi wa ngozi

Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na kipato cha nyumba hakikuwa kikubwa. Kijana Rudolf alimsaidia baba yake kwa kusukuma mkokoteni wa bidhaa hadi kwa wateja. Muda wake wa ziada aliutumia kwenye jumba la makumbusho lenye mashine za zamani, akizichora na kujiuliza zinafanyaje kazi.

Mwaka 1870 vilizuka vita kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu zaidi. Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa peke yake Augsburg, Ujerumani, kukaa na ndugu wa familia. Mwenyeji wake alikuwa mwalimu wa hisabati, na kijana akapata nafasi ya kusoma.

Alisoma kwa bidii. Alipata ufadhili wa kujiunga na chuo cha ufundi cha Munich, ingawa wazazi wake walitaka aanze kazi mapema ili alete fedha nyumbani. Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo wakati wa mtihani wa mwisho na akashindwa kuufanya. Alisubiri, akafanya kazi kwa muda katika kiwanda cha Uswisi, kisha Januari 1880 akaufanya na kufaulu kwa alama za juu sana.

Swali kutoka darasani

Mwalimu wake chuoni alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kugandisha barafu. Katika masomo yake Diesel alijifunza jambo ambalo halikumtoka kichwani: injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa. Katika magunia kumi ya makaa, kazi iliyopatikana haikuzidi ya gunia moja. Mengine yote yalipotea angani.

Wenye viwanda vikubwa waliweza kuimudu hasara hiyo. Fundi mdogo mwenye karakana yake hakuweza. Diesel alitamani injini ndogo na nafuu ambayo seremala, mfumaji au mhunzi angeweza kuimiliki bila kumezwa na kiwanda kikubwa. Nia hiyo hakuiacha: mwaka 1903 alitoa kitabu kuhusu namna wafanyakazi wanavyoweza kuungana na kumiliki viwanda vyao kwa pamoja, wazo ambalo mwanachama yeyote wa ushirika wa mazao angelielewa. Kitabu hicho hakikununuliwa na wengi.

Wazo la injini yake unaweza kulielewa kwa pampu ya baiskeli. Ukijaza upepo kwa nguvu, pampu hupata joto mkononi. Hewa ikibanwa huchemka. Diesel aliona kwamba ukiibana ndani ya silinda mara nyingi zaidi, itapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe mara yanapoingia. Hakuna haja ya plagi ya kutoa cheche. Na kwa kuwa hewa imebanwa sana, injini hupata kazi nyingi zaidi kutoka katika mafuta kidogo.

Aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1892. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuja kuitwa MAN, kilikubali kumpa nafasi ya kujaribu, na kampuni ya Krupp ikachangia gharama. Jaribio la kwanza lilifanyika Augusti 1893, na mlipuko ndani ya silinda ukavunja kifaa cha kupimia. Mwanzoni mwa 1894 injini iliyorekebishwa ilijizungusha yenyewe kwa takriban dakika moja. Kisha ikaja miaka mingine mitatu ya kubadilisha vipuri na kuanza upya.

Februari 1897 profesa mmoja wa Munich aliipima rasmi. Injini hiyo, yenye urefu wa karibu meta 3, iligeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na injini nyingine duniani iliyofikia kiwango hicho. Kampuni za nchi mbalimbali zilipanga foleni kununua haki ya kuitengeneza. Kwa muda mfupi mtoto wa fundi wa ngozi akawa milionea.

Wateja wanarudisha injini

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Injini iliyofanya vizuri mbele ya wahandisi wake haikufanya vizuri mikononi mwa wateja. Moja ya injini za kwanza kuuzwa ilipelekwa mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti cha mji wa Kempten, na ilihitaji matengenezo ya mara kwa mara. Kwingineko pia kulikuwa na malalamiko. Hewa ilivuja kwenye silinda, mafuta yaliziba njia, na kompresa iliyotumika kupuliza mafuta ndani ya silinda ilikuwa nzito na yenye vipuri vingi. Baadhi ya wateja walirudisha injini.

Kiwanda kilichofunguliwa Augsburg kwa jina la Diesel mwenyewe hakikusimama. Wapinzani walidai kwamba wazo halikuwa lake. Afya yake ikadhoofika kwa msongo wa mawazo, akalazwa kwa miezi katika hospitali ya mapumziko. Alichokijua kwenye karatasi kilikuwa sahihi, lakini mteja hanunui hesabu za karatasini. Mteja anataka mashine itakayowaka kesho asubuhi.

Waliookoa jina lake ni mafundi wa viwandani, ambao kwa miaka kadhaa walirekebisha kasoro moja baada ya nyingine. Injini ikawa ngumu, tulivu na ya kutegemewa. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilivuka bahari kwa injini za dizeli, na mabaharia wakaona kwamba zama za makaa zinakaribia kwisha.

Karanga za Paris na karanga za Kongwa

Kuna jambo katika maisha ya Diesel linalogusa moja kwa moja uwanda wetu wa kati. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa sababu karanga zilikuwa zikilimwa kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika. Injini haikubadilishwa chochote, na wengi waliopita hapo hawakugundua tofauti. Diesel mwenyewe aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yatakuwa na thamani kwa injini kama yale ya ardhini.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na reli ya kati ilikuwa bado haijafika hapa. Ilifika Dodoma mwaka 1910, ikivutwa na vichwa vya mvuke. Dizeli ilikuja kwa wingi baadaye, na moja ya safari zake za kukumbukwa ni ile ya Kongwa. Kuanzia 1947 Waingereza walileta matrekta kusafisha pori na kulima karanga kwa mamia ya maelfu ya ekari. Matrekta mengi yalikuwa ya mitumba, yaliyochakaa vitani au kwingineko. Mizizi ya miti, udongo unaokauka kama saruji, vumbi, upungufu wa spea na wa mafundi waliozoea mashine hizo viliyaua mengi ndani ya muda mfupi. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea.

Injini iliyowahi kuendeshwa kwa karanga ilishindwa kuzilima Kongwa. Chanzo hakikuwa wazo la Diesel. Ilikuwa mashine iliyopelekwa mahali ambapo hali ya hewa, mafuta, spea na mafundi havikuandaliwa.

Usiku wa baharini

Diesel hakuishi kuyaona hayo. Kufikia 1913 fedha zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amejenga nyumba ya kifahari Munich, akaweka mali kwenye visima vya mafuta na viwanja, na sehemu kubwa ikapotea. Watu waliomzunguka waliendelea kumdhania tajiri.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwenye mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaenda chumbani kwake yapata saa nne usiku, akaomba aamshwe mapema asubuhi. Asubuhi hakuwepo. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa kwenye sitaha, karibu na ukingo wa meli.

Siku kumi hivi baadaye mabaharia wa Uholanzi waliuona mwili ukielea. Ulikuwa umeharibika, hivyo walichukua vitu vya mfukoni na kuurudisha baharini. Mtoto wake, Eugen, alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Mke wake, Martha, aligundua kwamba akiba ya benki ilikuwa karibu imekwisha na madeni ni mengi. Wengi waliamini kwamba alijiua. Wengine walisema aliuawa kwa sababu ya siri za injini za nyambizi, maana vita ilikuwa inanukia. Hadi leo hakuna uthibitisho.

Kutoka mashine hadi shangingi

Enzi za uhai wake, injini ya dizeli ilikuwa nzito mno kwa gari dogo. Mambo yalibadilika miaka ya 1920, kampuni ya Bosch ilipotengeneza pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwenye nozeli, ikaondoa ile kompresa nzito. Malori na matrekta yakaichukua. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilitoa gari la abiria la 260 D, lililopendwa na madereva wa teksi kwa sababu lilitumia mafuta kidogo.

Kwetu, sifa ya dizeli ilijengwa na magari kama Land Cruiser Hardtop, zile wanazoziita mkonga. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita na lita 4.2, haina turbo wala kompyuta nyingi. Fundi wa Kondoa au Manyoni anaweza kuifungua chini ya mwembe. Haina mbio, lakini inafika.

Shangingi ni habari nyingine. Land Cruiser ya toleo la 200 ya dizeli, ambayo wengi huiita V8 kwa sababu ya silinda zake nane, ilikuwa na lita 4.5 na turbo mbili. Ilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2021. Mrithi wake, toleo la 300, ana silinda sita na lita 3.3. Hata kwa dizeli kubwa za kifahari zilizobaki, injini zimepungua ukubwa na kuongezwa mitambo.

Kwa nini mpya zinasumbua

Mwenye gari la kifahari anataka dizeli isiyopiga kelele, yenye mbio kama petroli na isiyotoa moshi. Ili kumpa hayo yote, watengenezaji waliongeza vitu vingi juu ya wazo la Diesel, na kila kimoja kina masharti yake.

Kwanza ni pampu. Katika injini za kisasa dizeli husukumwa kwa shinikizo linaloweza kufika mara 2,000 ya lile la hewa inayotuzunguka, na kupita kwenye vitundu vyembamba kama unywele. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu hiyo. Maji kidogo, vumbi au mafuta ya taa yaliyochanganywa hutosha kuiharibu. Tanzania inalijua vizuri neno uchakachuaji. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo.

Pili ni chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na ili yaungue gari linahitaji kwenda mwendo mrefu wa kasi bila kusimama. Gari linalotoka nyumbani hadi ofisini na kurudi haliwezi kulisafisha. Chujio huziba, gari hupoteza nguvu, na wakati mwingine dizeli huvuja na kuchanganyika na oili ya injini.

Tatu ni maji ya urea. Magari mengi mapya ya dizeli hutumia urea, ileile ambayo mkulima anaijua kama mbolea, ila iliyosafishwa sana na kuchanganywa na maji safi, ili kupunguza sumu kwenye moshi. Yakiisha, gari linaweza kukataa kuwaka.

Nne ni salfa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni kuanzia 2015. Ulaya kiwango ni 10. Gari lililotengenezwa kwa dizeli ya Ulaya likinywa dizeli yenye salfa zaidi, mitambo yake ya kusafisha moshi hudhurika mapema.

Halafu kukaja aibu. Septemba 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari takriban milioni 11 ya dizeli, na baadhi ya magari ya kifahari ya Audi na Porsche yalihusishwa. Miji ya Ulaya ikaanza kuyazuia magari ya dizeli ya zamani. Porsche ilitangaza kuachana na dizeli mwaka 2018. Volvo ilitengeneza gari lake la mwisho la dizeli mwaka 2024. Mercedes na BMW bado wanaziuza, lakini soko limesinyaa: mwaka 2015 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli, na kufikia 2024 hayakufika mawili katika kila kumi. Nafasi hiyo imechukuliwa na petroli, mseto wa petroli na umeme, na umeme mtupu. Hapa kwetu pia, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, wakati reli ya zamani ikiendelea na vichwa vya dizeli.

Kinachotuhusu

Msikilizaji anaweza kusema shangingi ni la wakubwa, si lake. Lakini magari hayo hayaishii kwa wakubwa. Yakichoka huenda mnadani, na mfanyabiashara wa alizeti au ng'ombe anayanunua akidhani anapata uimara wa mkonga katika mwili wa V8. Kabla ya kulipa, tafuta fundi mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu, uliza historia ya nozeli na turbo, na uangalie kama oili imezidi kiwango au inanuka dizeli. Bei ya nozeli za injini kama hiyo inaweza kumaliza faida ya msimu mzima.

Kwa mwenye trekta au mashine ya kusaga, funzo ni jepesi zaidi. Chuja mafuta, yaache yatulie kwenye pipa, toa maji kwenye chujio, na badilisha oili kwa wakati. Usimimine mafuta ghafi ya alizeti kwenye injini ya kisasa kwa sababu tu Diesel alitumia karanga: ni mazito, huganda na kuziba nozeli. Na usifungie mashine kwenye chumba kisichopitisha hewa. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Bomba la moshi litoke nje, mbali na akina mama wanaosubiri unga.

Rudolf Diesel alitaka injini ambayo mtu mdogo angeweza kuimiliki, kuilisha na kuitegemea. Haikumtajirisha hadi mwisho, na hana kaburi. Matajiri walioichukua kwa ajili ya starehe sasa wanaiacha. Kwenye mashine za kusaga na mashamba ya uwanda wa kati bado inafanya kazi aliyoikusudia, na itaendelea mradi mwenye nayo aitunze mpaka umeme au kitu kingine cha kutegemewa zaidi kimfikie.